Tebo Zangu Zimemtanguliza Mke wa Pili

Shangazi Bonareri,

Sijawahi kuandikia gazeti, na mimi ndiye huwacheka walimu wenzangu wakigombania ukurasa wako saa ya chai, lakini leo nimeuweka mbele yangu na sicheki hata kidogo, nisaidie Shangazi, maana nakaribia kumkosa mchumba wangu kwa sababu ya ukurasa wa kompyuta.

Mimi ni msichana wa Kisii, naitwa Sheila Mong'ina, Msabato wa kuzaliwa, nafundisha kompyuta katika chuo kidogo hapa Homa Bay mjini, na mchumba wangu ni Nashon, mtu wa Sindo kule ziwani, kijana mpole ambaye hajawahi kuniinulia sauti mpaka mambo haya yalipoanza. Kwao ni boma la wake watatu. Wa kwanza, ambaye Waluo humwita mikayi, ni Mama Caleb. Wa pili, yaani nyachira, ni Mama Nashon, na huyo ndiye mama mkwe wangu Mungu akipenda. Wa tatu ni Mama Phanice, mama mcheshi asiye na neno na mtu. Wote watatu wanasuka mikeka na vikapu vya mafunjo, na Shangazi, kazi ya mikono yao ukiiona utatamani wakusukie hata paa la nyumba.

Sasa mwaka jana nilijifunza kutengeneza kurasa za intaneti, Nashon akasema kwa nini tusiwatengenezee akina mama ukurasa wao ili watu wa ng'ambo wavione vikapu na waagize, nikaona ni wazo zuri sana, na rafiki mmoja wa kanisa letu aliye ng'ambo akatupa nafasi kwenye kompyuta ya kwao, basi tukawa tunaweka kazi kwenye disketi tunaipeleka Nairobi kwa basi, na huko kuna mtu anaituma kwa simu. Mimi nilitaka niifanye kazi ile kwa heshima. Nilisafiri mpaka Sindo nikasimama pale langoni na kalamu, nikalichora boma jinsi lilivyo: nyumba ya Mama Caleb kule mwisho katikati, inatazama lango, nyumba ya Mama Nashon mkono wa kulia wa Mama Caleb akiwa amesimama mlangoni kwake, ambao kwa mtu anayeingia ni kushoto, na nyumba ya Mama Phanice upande ule mwingine. Nikasema mtu akifungua ukurasa huu, hata akiwa nchi gani, awe kama amepita langoni na kulikuta boma hivyo hivyo.

Nikaupanga kwa tebo, kwa sababu ndivyo nilivyofundishwa na ndivyo kila mtu anavyofanya. Tebo, Shangazi, ni ile michoro ya mistari na vyumba ambayo shuleni tunaandikia alama za mtihani, lakini ukificha mistari yake unaweza kuitumia kugawa ukurasa, neno hili likae chumba hiki, picha ile ikae chumba kile, na haitingishiki. Nikafanya vyumba vitatu, kushoto Mama Nashon, katikati kwenye nafasi kubwa Mama Caleb, kulia Mama Phanice, kila mmoja na habari yake na picha za vikapu vyake. Haki ya Mungu ulipendeza, hata mkuu wa chuo aliwaita wageni wauone.

Basi mwezi wa kumi na mbili akaja Caleb, mtoto wa kwanza wa mikayi, anasoma ng'ambo, na kumbe huko chuoni kwao kompyuta za wanafunzi zinaonyesha maandishi tu, hakuna picha wala rangi, na mashine kama hiyo haijui kushoto wala katikati, inasoma chumba baada ya chumba kwa ule mfuatano niliouandika mimi kwenye faili, na mimi nilianza kuandika kutoka kushoto kama mtu yeyote anavyoandika. Caleb naye hakuwaza lolote, aliuchapisha ukurasa kwenye karatasi kama zawadi ya kuwashtua mama zake, na siku ya karamu ya kumkaribisha, majirani wamejaa, akasimama akawasomea. Akaanza na Mama Nashon, jinsi alivyoanza kusuka, jinsi anavyochagua mafunjo, akaendelea mpaka akaimaliza habari yake yote, na Mama Caleb hajatajwa.

Mama Caleb akamuuliza polepole, "Hapo ndio mwanzo, ama umeruka karatasi?"

Caleb akasema, "Ndio mwanzo, Mama."

Mama Caleb akainuka, akakung'uta leso yake, akanitazama mimi niliyekuwa nimebeba sinia la mandazi, akaniita binti wa Kisii kwa Kiluo, "Nyar Kisii, bado hujaolewa, na tayari umeshahamisha nyumba yangu?"

Shangazi, kwetu tulilelewa na mama mmoja, baba hakuwahi kuoa mwingine, sikujua uzito wa jambo lile mpaka Mama Phanice aliponivuta kando akanieleza kwamba katika boma lile hakuna anayepanda mbegu kabla ya mikayi, hata mvua iwahi namna gani wenzake wanangoja jembe lake, na mavuno mapya hayaonjwi mpaka ya mikayi yaingie nyumbani, ndiyo maana mama wa watu aliumia. Mbaya zaidi ni kwamba aliyetangulizwa ni mama mkwe wangu mtarajiwa, kwa hiyo majirani wote wamekata shauri kwamba msichana wa Kisii ana ujanja, amemwinua mama wa bwana wake kabla hata ng'ombe wa mahari hawajatoka.

Nilirudi kwa Mama Caleb nikamweleza, Mama, kwa skrini wewe uko katikati, mahali pa heshima. Akanijibu, "Mtoto, hiyo skrini mimi sina. Mimi niko na masikio."

Sasa hapa chuoni kuna mwalimu mwenzangu, Javan, yeye ni mtu wa mambo mapya, akaniambia Sheila achana na tebo, siku hizi kuna stailishiti. Hiyo ni faili ya kando ambayo kazi yake ni mavazi tu, herufi ziwe na ukubwa gani, rangi iwe ipi, kipande hiki kikae upande gani wa skrini, na maneno yenyewe yanabaki kwenye faili yao kwa mfuatano wowote unaotaka wewe. Kwa hiyo ningeandika Mama Caleb kwanza, kisha Mama Nashon, kisha Mama Phanice, halafu stailishiti ingemweka kila mmoja mahali pa nyumba yake, na mashine ya kina Caleb ingesoma kuanzia kwa mikayi. Nikafanya hivyo. Kwenye kompyuta mpya ya Javan ulitoka vizuri ajabu. Nikakimbilia darasani kuufungua kwenye zile kompyuta zetu za zamani, yawa, nyumba ya Mama Phanice imepanda juu ya nyumba ya Mama Caleb, maneno yamelaliana, hata jina la mikayi halisomeki! Nikazima haraka kabla wanafunzi hawajaona.

Nashon alipoona hayo akasema umeona mwenyewe, tebo inafanya kazi kwa kila mashine yenye picha, hiyo stailishiti ni mchezo wa watu wenye kompyuta mpya, acha ukurasa kama ulivyo, wazee watasahau. Na mama yake, Shangazi, ile karatasi ya Caleb aliiomba akapewa, anatembea nayo soko la Sindo, akikutana na mtu anayejua kusoma anamsimamisha amsomee. Ameshaniambia, "Ukinitoa hapo mbele, umenitoa mbele ya watu wote." Mama Caleb kwa upande wake amesema safari ya kuja kwetu mwezi wa nne kutoa mahari hatakanyaga, na mzee wa boma, baba yake Nashon, ambaye huwa haongei, ameongea mara moja tu: bila mikayi hakuna mtu atakayetoka langoni. Baba yangu, Mzee Nyabuto, amekwisha kuwatangazia watu kanisani. Mama anawanenepesha kuku.

Nikibaki na tebo nampoteza mikayi na harusi inakufa, nikienda na stailishiti ukurasa unaharibika kwa wenye mashine za zamani, Nashon ananuna, na mama ambaye nitapika naye jiko moja ananichukia kabla sijamaliza kufungua sanduku. Nashon amenipa na njia ya tatu, kwamba nimwambie Mama Caleb kompyuta ilikosea na fundi ameitengeneza, mambo yaishe. Ninampenda huyu mtu, Shangazi, sitaki mwingine. Nichague nini?

Ni mimi,
Sheila Mong'ina,
Homa Bay, Februari 1999

*

Sheila binti yangu,

Futa machozi, kaa vizuri, nikugombeze kidogo kisha nikusaidie.

Kwanza ujue unaongea na nani. Mimi ni Mgusii kama wewe, niliolewa huku Rongo kwa Waluo kabla hujazaliwa, na mimi mwenyewe ni nyachira. Jembe la mikayi nimelingoja misimu mingi, na nimelingoja nikinung'unika, muulize mke mwenzangu. Kwa hiyo nikikuambia Mama Caleb ana haki ya kuumia, usidhani natetea upande wangu.

Ulisimama langoni na kalamu ukachora boma. Vyema. Wasichana wengi hawangejisumbua, na kwa hilo nakupa hongera. Lakini binti, heshima ya boma la Kiluo haiko kwenye mahali nyumba iliposimama peke yake. Iko pia kwenye nani anayeanza. Wewe ulichukua mahali ukaacha zamu. Ulikwenda Sindo, ukala samaki wao, ukapima kila nyumba kwa macho, na hukumuuliza mtu yeyote swali moja dogo tu, "Nianze na nani?" Hata Mama Phanice angekujibu huku akicheka. Wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone, lakini mgeni huyo kwanza aulize choo kiko wapi.

Sasa tuje kwenye hizo tebo zako. Mimi kompyuta naijua kwa kuipangusa vumbi, kwa hiyo nilimketisha Omanga, bwana anayepanga kurasa za gazeti letu hili, nikamwekea chai na viazi vitamu nikamsomea barua yako. Alicheka mpaka akapaliwa, kisha akaniambia hivi. Tebo zilitengenezwa kwa ajili ya hesabu, alama za mitihani, nauli za basi, vitu kama hivyo. Watu wakazigeuza kuwa kuta za kurasa kwa sababu hapakuwa na mbao nyingine za kujengea. Si dhambi. Na anasema hata kwa tebo ungeweza kumpa Mama Caleb mstari wake peke yake juu, wenzake wawili wakae chini yake, na ile mashine ya Caleb ingeanza naye. Kwa hiyo usikubali Javan akudanganye kwamba tebo ndiyo iliyomtukana mikayi. Tebo haimjui mikayi.

Hata hivyo nakuambia uhamie kwenye stailishiti, na usirudi nyuma. Kuta za tebo zimeshikana na maneno; siku ukitaka kusogeza kitu kimoja unabomoa nyumba nzima, na unajikuta tena umempanga mtu kwa sababu ya ukuta na wala si kwa sababu ya heshima yake. Na siku mzee akiongeza mke wa nne je? Usinikunjie uso, wanaume wa Sindo nawajua. Anza na maneno. Yaandike kwa mfuatano ambao ungeusema kwa mdomo mbele ya wazee, Mama Caleb, Mama Nashon, Mama Phanice. Mavazi yafuate baadaye.

Ulipoharibu ni kwamba uliipa stailishiti kazi nzito kuliko kompyuta zenu. Ulitaka ibebe nyumba nzima iipeleke kushoto na kulia kwa vipimo, na zile mashine za darasani hazijui kupima hivyo, ndiyo maana Mama Phanice akapandishwa juu ya mwenzake, maskini, naye hakuomba. Omanga anasema acha tamaa. Mwaka huu itumie kwa rangi, kwa herufi, kwa nafasi za pembeni, basi. Nyumba zishuke moja chini ya nyingine, mikayi akiwa wa juu. Mwenye mashine mpya ataona urembo, mwenye mashine mbovu atakosa urembo, lakini hakuna atakayemkosea mikayi heshima. Ule mchoro wako wa boma, uchore uwe picha, uweke chini ya ukurasa. Picha haisomwi kwa sauti, haiwezi kumtanguliza mtu.

Kisha kuna Nashon. Wewe unadhani mnabishana juu ya tebo? Yawa! Nashon hatetei tebo. Angekuwa amezaliwa na Mama Caleb, angekuwa ameshajifunza stailishiti kufikia Jumatatu. Anamtetea mama yake, na mtoto anayempenda mama yake si mtoto mbaya, lakini amejificha nyuma ya mashine, na hapo simpendi. Mkalishe chini, usipige kelele, umwulize, "Tunaongea juu ya kompyuta ama juu ya mama?" Akikujibu kwa ukweli, una mume. Akirudi tena kwenye habari za mashine za zamani, mwulize tena. Ni afadhali umjue sasa kuliko umjue ukiwa na watoto wanne.

Mama mkwe wako naye usimwogope kiasi hicho. Utamu wa karatasi ile ninauelewa kuliko wewe. Maisha yote unangoja zamu yako, halafu siku moja mtu anasimama mbele ya kijiji kizima na kuanza na jina lako! Hata mimi ningetembea nayo sokoni. Lakini kiti ambacho mikayi hakukupa hukikalii kwa raha, na hao wanaomsomea Sindo, akigeuka tu wanacheka. Anajua. Ndiyo maana anataka asomewe kila siku, anaogopa utamu huo utaisha. Usimnyang'anye ukamwacha mikono mitupu. Omanga ameniambia jambo ambalo hata Javan wako hakukuambia: stailishiti moja inaweza kuvisha kurasa nyingi. Basi mtengenezee kila mama ukurasa wake mwenyewe, wote watatu wakivaa kitambaa kimoja, hakuna aliyependelewa. Kwenye ukurasa wa kuingilia, Mama Caleb anatangulia. Ukifungua ule wa Mama Nashon, jina la kwanza ni lake na la mwisho ni lake, na hapo hakuna wa kumuuliza chochote, maana ndani ya nyumba yake nyachira ndiye mwenyewe. Mwambie hivyo faraghani, wewe na Nashon mkiwa pamoja, na yeye Nashon ndiye aanze kuongea. Atanuna siku chache. Sisi nyachira tunajua kununa, na tunajua pia kuacha.

Lakini usianze kwa Mama Nashon. Usije ukarudia kosa lile lile!

Anza kwa Mama Caleb. Usiende na disketi, usiende na karatasi, usiende na Nashon. Nunua sukari na majani ya chai, umwombe Mama Phanice akusindikize, maana mtu hapeleki aibu yake peke yake kwa mikayi. Ukishakunywa chai, mwambie unataka kuuandika ukurasa upya na huwezi kushika kalamu mpaka yeye afungue. Mwulize, "Mama, nianze na neno gani?" Neno atakalokupa, liandike kama alivyolisema, kwa Kiluo kama amelisema kwa Kiluo, usilipambe. Caleb atalikuta huko aliko, kwenye mashine yake isiyojua picha, na litakuwa la kwanza. Mikayi aliyefungua msimu hawezi kukaa nyumbani wenzake wakienda kutoa ng'ombe; safari yenyewe itakuwa yake.

Na sasa ile njia ya tatu ya Nashon, kwamba useme kompyuta ilikosea na fundi ameitengeneza. Itupe ziwani. Mashine ile ilisoma ulichoandika, kwa mfuatano ulioandika. Mama Caleb hatakubali kuombwa msamaha na mashine, na ukimdanganya leo juu ya jambo dogo kama hili, utaishi langoni mwake miaka yote ukiwa mgeni. Mtazame usoni umwambie, "Mama, mimi ndiye niliyekuweka wa pili." Halafu ungoje ajibu, hata akikawia.

Ni mimi,
Bonareri